Injini Zilizofunuliwa Ubavu na Mashine za Kale

Ni nyumba chache katika nchi zetu zisizomjua mtoto wa namna hii. Huletewa kigari cha kuchezea siku ya Idi, na kabla jua halijatua amekwisha kukivunja ili ajue ni kitu gani kinachokiendesha. Saa ya ukutani ikisimama, yeye ndiye wa kwanza kuomba apewe. Redio ikinyamaza, hukutwa uvunguni mwa kitanda ameifungua kwa kisu cha jikoni. Wazee humgombeza na kumwita mharibifu, na pengine huchapwa. Sisi pia tulikuwa watoto wa namna hiyo, na fimbo tuliionja. Lakini leo, tukiwa watu wazima wenye kuwagombeza watoto wetu wenyewe, twapenda kumtetea kidogo mtoto huyo. Mapenzi yake hayo hayo ndiyo yaliyojaza majumba ya makumbusho katika miji mingi ya dunia, na watu wenye mvi husafiri mwendo wa siku nzima wakasimame mbele ya chuma kilichopasuliwa, wakatazame yaliyomo ndani kwa furaha ile ile ya yule aliye uvunguni.

Makala haya ni juu ya mambo mawili yanayokwenda pamoja: injini zilizokatwa ubavuni kwa makusudi ili watu waone yaliyo ndani, na mashine za kale zilizohifadhiwa zisipotee. Mwishoni tutaeleza pia habari moja ya nyumbani kwetu, ambayo hatuna fahari nayo.

GARI LA MOSHI LILILOPASULIWA

Katika mji wa York, Uingereza, limo jumba la makumbusho ya reli ya taifa hilo, lililofunguliwa mwaka 1975. Ndani yake imo injini ya gari la moshi iitwayo Ellerman Lines. Ilijengwa mwaka 1949 katika karakana za reli za Eastleigh, kusini ya Uingereza, nayo ni moja kati ya injini 30 za aina moja, zote zikiwa zimepewa majina ya makampuni ya meli. Wazee wa Mombasa, Tanga, Unguja na Dar es Salaam watatabasamu wakisikia kuwa miongoni mwa ndugu zake zilikuwamo Union Castle na British India Line, kwani meli za makampuni hayo zilitia nanga katika bandari zetu, na wako wengi ambao babu zao walivuka Bahari ya Hindi kwa meli za British India.

Ellerman Lines ilivuta abiria hata mwaka 1966, ikaondolewa kazini, ikapelekwa katika uwanja wa vyuma chakavu huko Barry, Wales, ingojee kukatwa vipande na kuyeyushwa. Uwanja huo u karibu na bahari. Injini nyingi zilikaa hapo miaka na miaka zikiliwa na kutu, na katika hizo 213 ziliokolewa na wapenzi wa reli, wengi wao watu wa kawaida waliochangiana fedha kidogo kidogo. Ellerman Lines nayo iliokolewa, lakini uokozi wake ulikuwa wa ajabu, maana ilikatwa vile vile! Mafundi waliifunua ubavu tangu mbele hata nyuma, wakaondoa bati la nje, wakapasua boila, tanuru na silinda, ikawa mtu akisimama kando yake haoni tena mnyama mweusi wa chuma, bali aona njia zote za moto, maji na mvuke zilizokuwa zimefichwa.

Na aonacho ni nini? Kwanza tanuru, ambamo makaa yaliwaka. Kisha boila ndefu ambayo ndani yake yamepita mabomba membamba mengi, kama mafungu ya matete. Hewa ya moto kutoka tanuruni hupita ndani ya mabomba hayo, na maji yamezunguka nje yake. Hivyo maji hayachemki kwa chini tu kama katika sufuria ya jikoni, bali huchemshwa na kila bomba kutoka ndani kwa ndani. Mvuke hupanda juu, hukusanywa, hupelekwa katika silinda, ukaisukuma pistoni mbele na nyuma, nayo pistoni ikasukuma fito zinazozungusha magurudumu.

Lipo jambo moja ambalo watazamaji wengi hulishangilia zaidi ya yote. Mvuke ukiisha kufanya kazi katika silinda hautupwi ovyo. Hupelekwa mbele chini ya dohani, ukatolewa kwa nguvu kwenda juu, na kwa kutoka kwake huvuta nyuma yake hewa yote iliyo katika mabomba. Hewa hiyo ikivutwa, hewa mpya huingia tanuruni na moto huzidi kuwaka. Basi kadiri injini inavyofanya kazi nzito, kwa mfano kupanda mlima, ndivyo inavyotoa mvuke mwingi zaidi, na ndivyo moto wake unavyopulizwa zaidi. Inajipuliza yenyewe, kama mhunzi mwenye mivukuto isiyochoka. Na ule mlio wa chu-chu-chu ambao watoto wote huuiga wanapocheza gari la moshi, ndio huo mvuke unaotoka na kuvuta hewa. Mtu aweza kuyasoma haya kitabuni mara kumi na asiyaelewe. Akisimama mbele ya ubavu ulio wazi, akafuata njia ya mvuke kwa kidole, huyaelewa kabla hajafika mwisho wake.

Lakini elimu hiyo imelipiwa. Injini iliyopasuliwa boila haitachemsha maji tena, wala hapana fundi atakayeirudishia uzima. Magurudumu ya Ellerman Lines yaliwekewa mtambo wa umeme wa kuyazungusha polepole mahali pamoja, watu waone yanavyokwenda, lakini huo si mwendo wake. Ndugu yake, British India Line, nayo ilitoka katika uwanja ule ule wa Barry. Hiyo haikukatwa. Ilitengenezwa upya kwa kazi ya miaka mingi, ikarudi relini mwaka 2017, ikatoa moshi na kupiga firimbi, na watu wakasimama kando ya njia kuitazama ikipita kwa kishindo. Wote walioitazama walifurahi, na hapana hata mmoja aliyeona ndani yake. Ndivyo ilivyo: iliyo hai huficha, na ile inayoonyesha haiendi.

MIPIGO MINNE

Injini zinazopasuliwa kwa wingi si za gari la moshi. Ni injini za motokaa, malori, pikipiki na eropleni, na aghalabu hupatikana katika vyuo vya ufundi. Fundi huchagua injini ambayo haiwezi kufaa tena, labda iliyopata ufa, kisha hukaa na kufikiri siku nyingi kabla ya kutia msumeno. Akikata pasipo hesabu, kilichokuwa kimeshikiliwa huanguka. Akikata kwa woga, mtazamaji haoni kitu. Vali yafaa ionekane nzima inavyopanda na kushuka, lakini ukuta ulioizunguka uondoke. Pistoni yafaa ibaki, lakini nusu ya silinda iende zake. Kingo zilizokatwa aghalabu hupakwa rangi nyekundu, ili mtazamaji ajue kuwa hapo palikuwa na chuma. Na njia za hewa, maji na mafuta hupakwa kila moja rangi yake. Kisha huwekwa mkono wa kuzungusha, na mwanafunzi akauzungusha taratibu.

Hapo ndipo huiona mipigo minne ambayo Nikolaus Otto, Mjerumani, alifaulu kuitia katika injini yake mwaka 1876, na ambayo hata leo ndiyo iendeshayo motokaa nyingi zetu zinazotumia petroli. Pistoni hushuka ikavuta hewa na petroli. Hupanda ikazibana. Cheche ya plagi huziwasha, nazo hupanuka kwa nguvu zikaisukuma pistoni chini. Kisha hupanda tena ikautoa moshi nje. Kuvuta, kubana, kuwaka, kutoa. Kijana wa chuo huyakariri maneno hayo kama jedwali la hesabu, lakini azungushapo injini iliyofunuliwa hugundua jambo ambalo huenda halikumpitia akilini: katika mipigo hiyo minne ni mmoja tu unaofanya kazi, na mitatu ni ya matumizi. Nani basi anayeisukuma pistoni katika mipigo hiyo mitatu? Hutafuta kwa macho, akafuata konrodi na kranki, mpaka afike kwenye gurudumu zito lililo mwishoni, ambalo mafundi wetu huliita flaiwili. Gurudumu hilo hupokea nguvu katika mpigo wa kuwaka, likaiweka akiba katika mzunguko wake, likailipa katika mipigo mingine. Tangu siku hiyo kijana hamuulizi tena mwalimu wake kwa nini injini ndogo imefungwa chuma kizito namna ile.

Rudolf Diesel, Mjerumani mwingine, alikwenda njia yake mwenyewe. Aliacha cheche kabisa, akaibana hewa peke yake kwa nguvu nyingi mpaka ikawa ya moto kiasi cha kuwasha mafuta yanyunyiziwapo ndani. Injini yake ya kwanza iliyofaulu ilijaribiwa mwaka 1897 huko Augsburg, nayo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Deutsches Museum mjini Munich. Jumba hilo lilianzishwa mwaka 1903 na mhandisi Oskar von Miller, aliyetaka watu wasipite tu na mikono nyuma kama wanaozuru nyumba ya mfalme, bali wabonyeze, wazungushe, wavute, na waone kwa macho yao kinachotokea. Majumba mengi yaliyofuata yaliiga mwendo wake. Twakiri kuwa tunayo wivu kidogo, maana majumba mengi tuliyoyazuru sisi yalikuwa na kibao kimoja tu kilichoandikwa kwa herufi kubwa: USIGUSE.

MCHORO WA AL-JAZARI

Hata hivyo wazo la kuufungua ubavu wa mashine ili mwingine aelewe halikuanza Ulaya. Mwaka 1206, huko Diyar Bakr, mji ambao leo umo katika Uturuki, Badi' al-Zaman Ismail al-Jazari alimaliza kitabu chake juu ya mitambo. Alikuwa amewatumikia wafalme wa ukoo wa Artuq kwa muda wa miaka 25 hivi. Yeye mwenyewe aeleza katika utangulizi kuwa mfalme alimtaka aandike, ili kazi alizozitaabikia zisipotee pamoja naye. Basi akaandika vitu 50: saa za maji, vyombo vya kutawadhia na kunawia, makufuli, na mashine za kupandisha maji.

Vitu hivi vyote kwa nje ni mapambo na maajabu: tembo aliyebeba saa, ndege, watumishi wa kuchongwa wanaomimina maji. Lakini al-Jazari hakuchora nje tu. Katika michoro yake kuta za vyombo zimeondolewa, na mtu huona matangi, mabomba, mizani na kamba zilizofichwa ndani, na kila sehemu imetiwa herufi ya Kiarabu. Kisha maandishi yaeleza herufi hii ni kitu gani, imetengenezwa kwa nini, na imeungwa wapi. Huu ndio ubavu uliofunuliwa, ila umefunuliwa kwa wino badala ya msumeno, na chombo chenyewe hakikudhurika! Miongoni mwa mashine zake iko pampu yenye silinda mbili, ambamo pistoni moja ikivuta nyingine husukuma, na vali zikazuia maji yasirudi. Iko nyingine yenye kranki, yaani kiungo kile kile kigeuzacho mzunguko kuwa mwendo wa kwenda na kurudi, ambacho kijana wetu wa chuo alikifuata kwa macho hata akalifikia gurudumu.

Nakala moja ya kitabu hicho, ya mwaka ule ule wa 1206, imo katika hazina ya Topkapi mjini Istanbul. Katika mji huo huo, kwenye bustani ya Gülhane, marehemu Profesa Fuat Sezgin alianzisha mwaka 2008 jumba la makumbusho ya sayansi na ufundi katika Uislamu, ambamo vyombo vya mafundi wa kale vimeundwa upya kwa kufuata vitabu vyao. Hatusemi haya ili tujivune na mababu na kulala usingizi; wako wengi wenye mtindo huo, nao huchosha. Twasema kwa sababu kitabu cha al-Jazari chaonyesha kinachobaki na kisichobaki. Vyombo vyake vyenyewe havikutufikia. Kilichotufikia ni michoro, na kwa michoro hiyo mafundi wa siku zetu wamejenga tena vyombo hivyo, navyo vimekwenda.

ZILE ZINAZOENDA BADO

Wako wapenzi wa mashine za kale wasiotaka kusikia habari ya kukata. Kwao mashine isiyoenda ni maiti, hata ikisafishwa namna gani. Huko Crofton, katika jimbo la Wiltshire, Uingereza, iko injini ya mvuke iliyojengwa na kampuni ya Boulton na Watt mwaka 1812 kwa kazi ya kupandisha maji ya mfereji wa meli. Hata sasa, katika siku maalumu za mwaka, watu wa kujitolea huwasha moto, na boriti lake kubwa la chuma hupanda na kushuka, nalo hupandisha maji yale yale katika nyumba ile ile iliyojengewa. Zaidi ya miaka 200! Mtu aliyezoea simu inayochakaa kwa miaka mitatu husimama mbele yake asijue la kusema.

Lakini kila saa ya kwenda hula kitu. Chuma husuguana na chuma, boila hupungua unene, na kila kinachobadilishwa hupunguza kile cha asili, mpaka mtu aulize: je, hii ni ile ya 1812, au ni nyingine iliyovaa jina lake? Jumba la Science Museum la London lilichagua njia nyingine. Lina injini ya Watt ya mwaka 1788, iliyozungusha mashine za kung'arisha vyuma kwa miaka 70, na humo pia imo karakana ya James Watt mwenyewe, iliyohamishwa mwaka 1924 pamoja na meza, vifaa, mlango, dirisha na mbao za sakafu. Huko hapana anayewasha moto.

Maoni yetu ni kuwa mabishano haya hayana mshindi mmoja. Mashine iliyo peke yake duniani na ipumzike. Zilizo nyingi na ziende. Na ile iliyokwisha kuvunjika isiyoweza kwenda, hiyo ndiyo ipasuliwe ifundishe. Jambo baya ni la nne, nalo ndilo linalotendeka zaidi kwetu.

NAIROBI

Msomaji aliye Kenya, au apitaye Nairobi, hana haja ya kwenda York. Jumba la makumbusho ya reli la Nairobi lilifunguliwa mwaka 1971, karibu na stesheni ya zamani. Uwanjani pamesimama injini mbili za Garratt za daraja la 59, na tunamshauri kila mzazi mwenye mtoto wa uvunguni ampeleke huko siku ya mapumziko. Zilijengwa na Beyer, Peacock wa Manchester mwaka 1955 na 1956, zikaja 34, na kila moja ikapewa jina la mlima wa Afrika ya Mashariki. Kila injini ina urefu wa zaidi ya mita 31 na uzito wa tani 252, na haikupata kuwako injini ya mvuke ya nguvu zaidi katika reli za upana wa mita moja. Zilivuta mizigo kutoka Mombasa kupanda bara, zikichoma mafuta mazito badala ya makaa. Boila yake imekaa katikati, na mbele na nyuma yake yako mafungu mawili ya magurudumu, kila fungu na silinda zake, ili urefu wote ule uweze kupinda katika kona za milimani.

Mbili zilizobaki ni Mount Gelai na Mount Shengena. Milima yote miwili imo Tanzania, jambo linalotukumbusha kuwa reli hiyo ilikuwa ya nchi zetu zote pamoja. Nyingine 32 zilikatwa baada ya kuondolewa kazini katika miaka ya 1970 na kufikia mwaka 1980. Hazikukatwa ubavu ili watu waone. Zilikatwa vipande. Katika 34 haikutengwa hata moja ifunuliwe, vijana wetu wauone moyo wa injini iliyowapelekea babu zao unga na sukari. Hatumlaumu mtu, kwani wakati huo hapana aliyedhani ziko siku ambapo mvuke utakuwa hadithi. Lakini hesabu hiyo, 32 kwa 2, hatukuweza kuitoa akilini siku nzima tuliyokuwa uwanjani pale.

INJINI YA AMI

Sasa tuieleze habari ya nyumbani. Marehemu ami yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa na mashine ya kusaga katika kijiji kimoja cha upande wa Pangani. Iliendeshwa na injini ya Lister, aina ambayo ilienea sana katika vijiji vyetu: silinda moja, nguvu za farasi 6, magurudumu mawili mazito, na pipa la maji ya kupozea lililosimama kando. Ilizunguka mara 650 kwa dakika, maana yake iliwaka mara 325, na kwa hiyo mlio wake haukuwa wa kuunguruma bali wa kuhesabika, du-du-du-du, ukasikika hata mashambani. Wanawake waliokuwa mbali wakiusikia walijitwisha mahindi na makopa wakaja. Ukinyamaza kabla ya wakati walisimama njiani wakatazamana.

Kuiwasha kulikuwa na taratibu zake. Ami huinua kijiti cha kuilegeza vali, ili silinda isibane. Huingiza hendeli, akazungusha yeye na mtu mwingine, kwanza taratibu, kisha kwa haraka, magurudumu yakashika mwendo. Halafu hukiangusha kijiti kwa ghafula. Injini hukohoa moshi mweusi mara moja, mara mbili, ikaanza. Sisi watoto tulipangwa kwa zamu ya kukiangusha kile kijiti, na zamu ya mtu iliporukwa palikuwa na kilio.

Ami alipofariki, umeme ulikwisha kufika kijijini na jirani alikuwa na kinu cha umeme. Injini ilikuwa na ufa katika silinda, imekaa miaka miwili haijawashwa. Warithi walikuwa mjane na watoto watano, nasi tuliitwa tusimamie mgawanyo. Mtoto wa mwisho wa kiume, aliyekuwa na miaka 15, alituomba injini isiuzwe. Alikuwa ameona katika chuo kimoja cha ufundi injini iliyokatwa ubavu, akasema hii nayo ikatwe vivyo hivyo iwekwe katika shule yake, maana kwa ufa ule haitakwenda tena. Tulimjibu kwa sauti ya watu wazima. Tulimwambia urithi si mchezo wa kitoto, na kuwa thumuni ya mama yake haiwezi kutolewa katika pistoni. Maneno hayo yaliwachekesha waliohudhuria, na sisi tukajiona tumesema jambo la busara.

Mnunuzi wa vyuma chakavu akaja na mizani na nyundo kubwa. Magurudumu ni chuma cha kalibu, hayapindi bali huvunjika, na yalivunjika kwa mapigo machache. Ilipimwa kwa kilo, fedha zikagawanywa sawasawa kwa mafungu ya sheria, na thumuni ya mjane ilitosha doti mbili za kanga na sukari ya mwezi. Jioni ile ndipo tulipofanya hesabu nyingine, ambayo tungaliifanya asubuhi: thamani yote ya injini ile haikuwa kubwa. Lau tungaliilipa sisi kutoka mfukoni mwetu, kila mrithi angalipata haki yake hata senti ya mwisho, na injini ingalibaki. Sheria haikutuzuia. Hatukufikiri, na aliyefikiri alikuwa na miaka 15.

Kitu kimoja tu kilisalia, nacho ni hendeli, kwa kuwa siku ile ilikuwa imetundikwa nyuma ya mlango na hapana aliyeiona. Iko mpaka leo katika nyumba ya marehemu. Kijana yule sasa ni fundi wa jenereta katika mji mwingine, naye huja kila Idi na familia yake. Hajapata kutulaumu kwa neno.

Idi iliyopita mwanawe, mtoto wa miaka sita, aliitoa ile hendeli nyuma ya mlango, akaja nayo barazani akiiburuta kwa mikono miwili, akauliza ni ya nini. Baba yake alitutazama, kisha akaomba kipande cha chaki. Akapiga magoti akachora sakafuni: magurudumu mawili, pipa la maji, na silinda ambayo upande mmoja hakuuchora, ili pistoni ionekane. Akaandika alifu kwenye pistoni, be kwenye konrodi, jimu kwenye kranki, akaeleza moja moja. Mtoto alisikiliza mpaka mwisho, akaiweka ncha ya hendeli juu ya mchoro, pale kwenye jimu, akaanza kuzungusha.